Doa la taa juu ya mpira wa pool: linaonyesha njia au tunajidanganya?

KonaYaKushoto
Wakuu, kwema? Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumamosi. Naliweka hapa nijue kama niko peke yangu.

Nacheza pool mwaka wa saba sasa, kwenye baa ya mtaani kwetu Tabata. Aliyenifundisha ni mzee mmoja fundi cherehani. Habari za kupima pembe hakunifundisha hata siku moja, alinifundisha kuangalia taa. Meza yetu ina tyubulaiti moja tu, imening'inizwa kwa minyororo miwili, imelala katikati kufuata urefu wa meza. Ukiinama kulenga kwa urefu wa meza, kwenye mpira unaotaka kuuzamisha unaona kamstari ka mwanga kamesimama, kadogo kama punje ya mchele. Ukilenga kwa upana, punje inalala na kurefuka karibu mara mbili. Mzee akaniambia: mpira ulionyooka, katikati ya mweupe, ule unaogongwa na fimbo, iende kwenye mchele. Mpira wa kukata, yaani unaotakiwa kwenda kwa pembe, ukingo wa mweupe upite kwenye mchele. Wa kukata zaidi, ukingo wa mweupe uache nafasi ya punje moja kabla ya kufika kwenye mchele.

Nimezamisha sana kwa njia hiyo. Jumamosi tukaalikwa ukumbi mmoja Sinza. Meza nzuri, kitambaa kipya, na juu taa ndogo ndogo nane zimetawanywa. Nikainama, nikakuta mpira una michele minane. Nikachagua mmoja. Nilikosa hata mipira iliyonyooka, mechi tatu mfululizo, timu nzima inaniangalia.

Swali langu: hili doa lina ukweli wowote, au kwa miaka saba nimekuwa nazamisha kwa kitu kingine bila kujua?

Jirani_wa_Kaunta
Pole sana mkuu. Michele minane hiyo tayari ni pilau. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

BibiChaki
Kona, pole. Mimi doa la taa kwenye mpira wa kuzamisha sijawahi kuliamini. Ninachofanya ni hiki: nasimama nyuma ya mpira nikiutazama pamoja na shimo, navuta mstari kutoka katikati ya shimo kupita katikati ya mpira, halafu upande wa pili naweka mpira wa hewani. Mpira ambao haupo, lakini umegusana na ule ninaotaka kuuzamisha, palepale kwenye mstari. Kazi yangu inabaki moja, kumpeleka mweupe akakae mahali pa huo mpira wa hewani. Meza iwe na taa moja, iwe na nane, iwe na mwezi, mpira wa hewani hauhami.

Doa natumia kwa mweupe peke yake. Nikitaka kumpiga katikati kabisa bila kumsokota, doa linanisaidia kuona wapi ni kati. Kwa mpira mwingine, hapana.

PembeTatu
Nafundisha fizikia sekondari na pool naicheza jioni, hivyo huu uzi ni wangu kabisa.

Mpira wa pool ni kioo cha mbinuko, sawa na kioo cha pembeni cha daladala kinachofanya gari la nyuma lionekane dogo. Doa unaloliona ni taa yenyewe, imepunguzwa. Na haliko mahali pamoja kama rangi iliyopakwa. Linakaa pale ambapo uso wa mpira unatazama katikati kati ya jicho lako na taa. Ukisogeza jicho, linasogea. Ukisogeza mpira, linasogea. Ukisogeza taa, vilevile.

Kutokana na hilo, jibu la Kona liko hivi. Kama taa, mpira na jicho lako viko kwenye wima mmoja, yaani ungeweza kushusha ukuta mwembamba ukavipitia vyote vitatu, basi doa linaangukia kwenye mstari wa kati wa mpira, juu kidogo ya nusu. Hapo mchele wa mzee ni alama ya kweli ya katikati. Meza yako ina tyubulaiti iliyofuata urefu, na mipira mingi ya kati unaipiga ukiwa chini yake. Mzee hakukudanganya.

Lakini chukua taa iliyo mita 1 juu ya mpira, halafu mpira uwe pembeni ya taa kwa sentimita 50, wewe umeinama unalenga kwa urefu. Nimepiga hesabu kwa mpira wa milimita 57: doa linahama kutoka katikati kwa kama milimita 8. Ukimpeleka mweupe kwenye doa ukidhani ndiyo kati, umekata mpira kwa nyuzi 8 bila kutaka. Shimo likiwa umbali wa sentimita 60, mpira unafika kando kwa karibu sentimita 9. Hapo umegonga ukingo.

Fundi_Meza
Mwalimu PembeTatu, umeeleza vizuri, ila rekebisha kitu kimoja. Milimita 57 ni mpira wa Kimarekani, ule mkubwa wenye namba. Meza za baa zetu nyingi ninazozitengeneza zina mpira wa inchi 2, milimita 50.8. Na mweupe wa meza nyingi za kutumbukiza sarafu ni mdogo zaidi, milimita 47.6. Ndiyo maana ukizama unarudi peke yake kwa njia yake huku mingine ikibaki ndani: mashine inautambua kwa udogo wake.

PembeTatu
@Fundi_Meza asante, umenisahihisha vizuri. Nimerudia hesabu. Kwa mpira wa 50.8 doa linahama milimita 7 na ushei badala ya 8, ila pembe inabaki nyuzi 8 zilezile, kwa sababu kila kitu kimepungua kwa uwiano mmoja. Ukiweka mweupe mdogo pembe inaongezeka kiduchu tu. Kosa la sentimita 9 liko palepale.

Mtulivu_Mwanza
Wakuu mnapiga hesabu za kwenda mwezini. Nimecheza na watu ambao hawajui milimita ni nini na wanasafisha meza yote. Doa halionyeshi njia yoyote. Doa linakufanya uangalie mahali PAMOJA. Mchezaji asiye na doa macho yake yanatangatanga: mweupe, shimo, mpira, shimo, mtu aliyepita na sahani ya mishikaki. Mwenye doa amefunga macho pale, kichwa kimetulia, bega limetulia, fimbo inaenda moja kwa moja. Mpe mchezaji yeyote kitu cha kukodolea macho, hata nzi akitua kwenye mpira, atazamisha zaidi.

Kilichomtokea Kona Sinza ni kwamba macho yalikuwa na mahali pa kwenda nane.

KonaYaKushoto
@Mtulivu_Mwanza hiyo imeniingia, kwa sababu kweli Sinza nilikuwa nahama kutoka doa moja hadi jingine hata fimbo ikiwa inaenda mbele.

Ila @PembeTatu, mbona mpira wa kukata nao unanikubali? Pale naelekeza ukingo wa mweupe, katikati yake haiko kwenye doa tena. Ule sio mpira wa nyuzi 45?

PembeTatu
Hapana, na hapa ndipo mzee wako ameniacha mdomo wazi. Ukingo wa mweupe ukipita kwenye katikati ya mpira, maana yake umeufunika nusu. Nusu mpira inakata nyuzi 30. Watu wengi wanasema 45 kwa sababu nusu ya 90 ni 45, lakini mpira ni duara na haufuati hesabu hiyo. Ukifunika robo tatu unapata nyuzi kama 14 na nusu. Nusu, 30. Robo, karibu 49.

Sasa rudia maneno ya mzee. Katikati kwenye mchele ni mpira mzima. Ukingo kwenye mchele ni nusu mpira, nyuzi 30. Ukingo uache punje moja, na punje yako ina kama milimita 8, hapo unakuwa nyuzi 40 na kidogo. Alikupa vipimo vitatu na vyote vinasimama, mradi mchele uko katikati. Mtu wa cherehani amezoea kupima kwa jicho na chaki, nadhani hilo limemsaidia.

Jirani_wa_Kaunta
Mzee wa cherehani apewe heshima yake. Suruali yangu alifupisha mguu mmoja tu ila kwenye pool nimemsamehe.

KonaYaKushoto
Jirani huyo si yeye, yeye anashona magauni 😄

Mvita_Kijana
Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma wote, hakuna aliyetaja jicho. Mwanadamu ana macho mawili lakini moja ndilo kiongozi. Nyoosha mikono yako mbele, kutanisha viganja ubakishe kitundu kidogo cha pembetatu, angalia saa ya ukutani kupitia kitundu hicho. Sasa funga jicho moja, kisha jingine. Lile ambalo likibaki wazi saa bado iko ndani ya kitundu, ndilo kiongozi.

Mimi kiongozi wangu ni la kushoto na napiga kwa mkono wa kulia. Miaka mingi nilikuwa napitisha fimbo chini ya jicho la kulia. Doa nilikuwa naliona, nalilenga vizuri kabisa, na mpira unaenda kulia mwa shimo kila mara. Si tone la mwanga lililokosea. Mwalimu amesema taa, mpira na jicho viwe kwenye wima mmoja. Mimi naongeza kitu cha nne, fimbo. Jicho likiwa kando ya fimbo, doa linakuonyesha katikati ya jicho lako, nayo fimbo iko njia nyingine.

Nilipohamisha kidevu nikakiweka fimbo ipite chini ya jicho la kushoto, wiki mbili shingo iliniuma, lakini mipira ikaanza kuingia.

BibiChaki
@Mvita_Kijana nimefanya hiyo ya kitundu hapa sebuleni. La kulia. Mume wangu la kushoto. Sasa najua kwa nini tunabishana kila mara nani kaona mpira uko wapi.

Fundi_Meza
Niseme ninayoyaona kwa kazi. Kwanza urefu wa taa. Kanuni za kimataifa za pool zinasema kila sehemu ya meza, hata kingo, ipate mwanga usiopungua lukisi 520 (lukisi ni kipimo cha mwanga), na kati pasiwe na mwanga mwingi kuzidi kona. Taa isiyoweza kusogezwa isiwe chini ya mita 1.65 kutoka kwenye kitambaa, na ile inayosogezwa isishuke chini ya mita 1 na kidogo. Baa zetu taa imening'inia chini kwa sababu mwenye baa anataka kuokoa umeme, balbu moja imulike kote. Taa ikiwa chini hivyo, doa linahama sana ukiusogeza mpira kidogo tu. Ikiwa juu linatulia zaidi.

Pili, kuna meza nilienda kubadilisha kitambaa. Mwenye baa akaniambia wateja wake wanalalamika kwamba nimeharibu meza, mipira haiingii kona ya upande wa choo. Nikapima na pima maji, meza imelala sawa. Nikapiga mipira, inaenda. Nikakaa nikanywa soda nikiangalia. Mwishowe nikatazama juu: wakati nimeitoa tyubulaiti ili nifanye kazi, kijana aliyeirudisha alifunga mnyororo mmoja kwenye ndoano ya jirani. Taa ilikuwa imeenda upande kwa kama shibiri moja. Sikumwambia mtu. Nilirudisha ndoano. Malalamiko yakaisha jioni hiyohiyo.

Kwa hiyo ndugu Mtulivu, mimi siwezi kukubali kwamba doa ni kitu cha kukodolea macho tu. Wale wateja hata hawakuwa wanajua kwamba wanaliangalia.

Mtulivu_Mwanza
@Fundi_Meza au kitambaa kipya kilikuwa na kasi na jioni wakawa wamekizoea. Hilo hujaliondoa.

Fundi_Meza
Kasi ya kitambaa haichagui kona ya upande wa choo, ndugu yangu.

Ughaibuni_Muscat
Nawasalimu kutoka Muscat. Huku pool ipo ila vijana wengi wamekaa kwenye snuka, meza ya futi 12, mipira ya milimita 52.5. Juu ya meza kuna kifuniko kirefu cha taa, kwa hiyo kwenye mpira huoni punje, unaona kama dirisha la mraba. Nilijaribu kulenga kwa dirisha hilo nikaacha. Ni pana mno, kingo zake hazieleweki.

Lakini kuna mwako mwingine ambao nyote hamjautaja. Mipira miwili ikiwa karibu karibu, tuseme imeachana kwa upana wa kidole, angalia mmoja ndani ya mwingine. Utaona mpira mwekundu umekaa ndani ya tumbo la mweusi kama mtoto mgongoni. Picha hiyo imekaa kwenye mstari unaounganisha vitovu vya mipira yote miwili, haijali taa iko wapi. Nikitaka kugonga wa kwanza ili wa pili uingie, nainama nyuma ya shimo nitazame hiyo picha imeegemea upande gani. Imenisaidia mara nyingi kuliko dirisha la taa.

PembeTatu
@Ughaibuni_Muscat hii ni safi sana. Ndiyo, taswira ya kitu kwenye kioo cha mviringo inakaa kwenye mstari unaopita kitovu cha kioo na kitu chenyewe. Mpira wa pili ni kitu kama taa ilivyo kitu. Tofauti ni kwamba mpira wa pili unashiriki kwenye mchezo, taa haishiriki.

Rock_City_2
Naongezea kisa cha Mwanza, Mtulivu huenda alikuwepo. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya mchezo, dau mezani, jenereta imegoma. Tukakubaliana tumalizie kwa tochi za simu. Kijana mmoja akasimama kando ya meza kanyoosha mkono na simu. Aliyekuwa anapiga amezoea doa kama Kona. Anainama, doa hilo, anavuta fimbo nyuma, na yule mwenye simu akabadilisha mkono kwa kuchoka. Doa likatembea juu ya mpira kama mchwa. Fimbo ikalifuata. Mpira haukukaribia hata shimo.

Ulikuwa ugomvi mkubwa. Wakakubaliana arudie, ila mwenye simu asimame NYUMA ya mpigaji, simu iwe juu ya kichwa chake. Sasa kila mpira alioulenga doa lilikuwa katikati. Akasafisha mitano mfululizo pamoja na mweusi.

Mtulivu_Mwanza
Nilikuwepo. Dau lilikuwa langu.

PembeTatu
Haa, huo ndio ukuta mwembamba niliousema. Taa ikiwa juu ya kichwa chako, popote utakapoinama, taa na jicho na mpira viko kwenye wima mmoja. Doa linakuwa katikati kila mara. Mtu akivaa taa ya wachimbaji kwenye paji la uso, mfumo wa mzee ungefanya kazi kwenye meza yoyote duniani.

BibiChaki
Refa gani atakubali uingie na taa ya mgodini? 😅 Ila nimeelewa. Naanza kulainika kidogo.

Chalinze_Usiku
Mmesahau uchafu. Mpira wa baa una mafuta ya chipsi, chaki, majasho. Mipira miwili ikigusana kwa kukata, kuna msuguano, na mpira wa pili unaburutwa kidogo kuelekea anakoenda mweupe. Kwa hiyo hata ukigusa mahali sahihi kabisa, mpira unaenda mnene, yaani kwa pembe ndogo kuliko ulivyolenga. Unaweza kupotea hadi nyuzi 5 hivi mambo yakiwa mabaya, hasa ukipiga polepole. Mpira mchafu unaburutwa zaidi, safi unaburutwa kidogo. Ukimsokota mweupe upande unaofaa unaupunguza mburuto huo.

Sasa Kona amejifunza kwenye mipira michafu ya Tabata. Akaenda Sinza kwenye kitambaa kipya, bila shaka na mipira imeoshwa. Jicho lake lilishazoea kufidia mburuto wa nyumbani. Taa nane zinaweza kuwa hazina hatia.

KonaYaKushoto
@Chalinze_Usiku lakini nilikosa hata iliyonyooka. Mpira ulionyooka una mburuto gani?

Chalinze_Usiku
Hapo umenipata. Kama hukumsokota mweupe, hauna. Kama ulimsokota bila kujua, upo.

BibiChaki
Na ndiyo sababu nasema doa nilitumie kwa mweupe kwanza! Kona, hukuona katikati ya mweupe Sinza, ukampiga kando, akajisokota, akauvuta mpira. Michele minane ilikuwa kwa mweupe vilevile.

Jirani_wa_Kaunta
Nje ya mada kidogo: mipira inaoshwaje? Ya hapa kwetu hata doa haina, imefifia kama kokoto.

Fundi_Meza
Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini, kisha ikaushe kabisa kabla hujairudisha mezani. Usitumie dawa ya kufulia nguo nyeupe wala msasa. Mipira mizuri ya siku hizi ni ya utomvu mgumu uitwao fenoli, ukiikwaruza uso hairudi kung'aa. Ile ya bei chee ya plastiki nyingine inafifia haraka hata ukiibembeleza.

Bwagamoyo
Tukiwa kwenye mpira wenyewe: zamani ilikuwa pembe za ndovu. Pembe zilizobebwa begani kutoka bara mpaka Bagamoyo, zikavushwa Unguja, sehemu yake iliishia Ulaya na Marekani kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Katika miaka ya 1860 watengenezaji wa Marekani walipoona pembe ni ghali wakatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. John Wesley Hyatt alipojaribu kutafuta ndipo akafika kwenye seluloidi, moja ya plastiki za kwanza. Huwa nikiinama mezani nakumbuka mabega ya waliobeba. Samahani kwa kuwatoa njiani.

Mvita_Kijana
Hujatutoa njiani, umetufikisha pwani. Shukran.

KonaYaKushoto
Wakuu nimerudi. Jana jioni niliwahi baa kabla watu hawajajaa, mwenye baa akaniruhusu. Nilifanya mambo mawili.

La kwanza: niliweka mpira katikati ya meza chini ya tyubulaiti, nikainama, mchele uko kati kabisa. Nikausogeza mpira pembeni mpaka karibu na ukingo mrefu, nikainama tena kulenga kwa urefu. Mchele umehama kuelekea upande wa taa, kwa macho kabisa. Mwalimu yuko sahihi.

La pili ndilo lililonishangaza. Nilipiga mpira huohuo wa ukingoni kwa kona, kama ninavyoupiga siku zote. Ukaingia. Nikapiga tena, ukaingia. Nikamwomba rafiki yangu asimame nyuma yangu aangalie fimbo inaelekea wapi. Akaniambia: "Hulengi mchele. Unalenga kando ya mchele." Nikabisha. Akaweka kidole kwenye kitambaa mbele ya mweupe palipo na njia ya fimbo, nikainuka nikaangalia. Kweli. Kumbe miaka yote nasema nalenga doa na mwili unalikwepa wenyewe nikiwa pembeni.

Mtulivu_Mwanza
Nilisema mimi! Mwili unajua. Doa ni kituo cha macho tu.

Fundi_Meza
La hasha. Mwili umejifunza kulikwepa KWA KIPIMO chake. Usingelikuwepo mchele, angekwepa nini?

BibiChaki
Au mwili unaona mpira wa hewani na mdomo unasema mchele.

Mvita_Kijana
Au jicho kiongozi liko kando. Kona, umefanya ile ya kitundu?

KonaYaKushoto
@Mvita_Kijana nimefanya. La kushoto, na napiga kulia, kama wewe. Sijui sasa nihamishe kidevu au nikiache.

Nimempigia mzee simu leo mchana. Nikamweleza yote haya. Akauliza kwanza kama nimekula. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: yeye hakujifunza kwa tyubulaiti. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kufuta meza ya biliadi kwenye klabu ya shamba la mkonge huko Korogwe. Usiku mashine ya umeme ikizimwa, wao wafanyakazi walitundika karabai juu ya meza, katikati, wakacheza wenyewe mpaka mafuta yaishe. Doa alilolijua lilikuwa la karabai, moja, la mviringo, kama tone. Alipokuja Dar akalikuta tyubulaiti, akanifundisha kwa lugha ya mchele.

Nikamuuliza, mpira ukiwa pembeni ulikuwa unafanyaje? Akasema, "Nilikuwa nasogeza karabai."

PembeTatu
Naomba umwambie mzee kwamba nimesimama kwa heshima yake.

Karabai moja katikati lingempa kati ya kweli kwenye kila mstari unaopita chini yake, kwa urefu, kwa upana, hata kwa mshazari. Tyubulaiti yako inatoa mchele mrefu, na ukilenga kwa upana hujui uchukue ncha au kati. Ningependa kuona kwa macho.

Chalinze_Usiku
Na mipira ya Korogwe enzi hizo ilikuwa inaoshwa na nani? Yeye mwenyewe, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake. Mburuto mdogo. Sijaondoka kwenye hoja yangu.

Jirani_wa_Kaunta
Wakuu, karabai ninalo la marehemu babu, liko juu ya kabati. Tangi halivuji, kioo kizima. Utambi wake ndio umebaki majivu.

Fundi_Meza
Utambi nautafuta Kariakoo kesho. Ndoano ya katikati naijua ilipo, na ngazi ninayo. Kona, muulize mwenye baa kama Jumapili saa kumi na mbili jioni tunaweza kuzima tyubulaiti nusu saa.

KonaYaKushoto
Amekubali. Anataka tu ndoo ya mchanga iwe karibu. Mzee naye anakuja, nitamfuata na bodaboda.

BibiChaki
Nakuja na mipira yangu, nimeshaiosha.